Mwalimu, Mtoto, na Sheria ya Nebraska



Kila mtu akaaye chini ya serikali yampasa kujua mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni wa raia, asitende apendavyo kana kwamba hakuna sheria. Mpaka wa pili ni wa serikali yenyewe, nayo isitende ipendavyo kana kwamba raia hana haki. Mpaka wa kwanza twafundishwa tangu utoto. Wa pili haufundishwi sana, na wengi huujua siku ile tu wanaposimama mbele ya hakimu. Katika somo hili tutaangalia kesi moja ya Marekani iliyokatwa mwaka 1923. Yatuhusu sisi Walutheri, maana mshtakiwa alikuwa mwalimu wa shule ya usharika, na kosa aliloshtakiwa ni kumsomesha mtoto hadithi ya Biblia.

1. Majimbo na katiba

Marekani ni muungano wa majimbo. Kila jimbo lina serikali yake, na bunge lake, na mahakama zake. Na juu yake iko serikali ya muungano, pamoja na Mahakama Kuu iliyoko Washington. Mwaka 1791 katiba yao iliongezewa maneno ya kulinda haki za watu, kama uhuru wa dini na uhuru wa kusema. Lakini mwaka 1833 Mahakama Kuu ilikata neno ya kwamba maneno hayo yaizuia serikali ya muungano tu, wala hayayafungi majimbo. Basi mtu aliyeonewa na jimbo lake mara nyingi hakuwa na pa kukimbilia.

Mambo yaligeuka baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, iliyokwisha mwaka 1865, watumwa walipowekwa huru. Mwaka 1868 katiba ilipata Nyongeza ya 14, ili watu waliotoka utumwani wasionewe tena na majimbo waliyokaa. Maana yake ni hii: jimbo lo lote lisimwondolee mtu uhai wake, wala uhuru wake, wala mali yake, pasipo njia ya haki ya sheria, tena lisimnyime mtu ulinzi wa sheria ulio sawa kwa wote. Angalieni ya kuwa ulinzi huu haukuwekwa kwa raia peke yake. Umewekwa kwa kila mtu, hata mgeni. Nyongeza hiyo ndiyo iliyokuja kumsaidia mwalimu wetu.

2. Hofu iliyobaki baada ya vita

Mwaka 1917 Marekani iliingia katika vita kuu kupigana na Ujerumani. Vita hiyo ilifika hata Tanganyika, na mababu zetu waliyaona matata yake. Huko Marekani walikaa watu wengi ambao wazee wao walitoka Ujerumani, na katika jimbo la Nebraska wengi walikuwa wakulima Walutheri. Sharika zao zilikuwa na shule, na watoto walifundishwa dini kwa Kijerumani, kwa kuwa ndiyo lugha waliyoomba nayo nyumbani na kanisani. Vita ilipoanza, jirani zao wakawatazama kwa jicho la shaka. Lugha ya sala ikahesabiwa kuwa lugha ya adui.

Mapigano yalikoma Novemba 1918, lakini hofu haikukoma. Aprili 1919 bunge la Nebraska lilitunga sheria ya kwamba mtu awaye yote, katika shule ya serikali, au ya kanisa, au ya watu binafsi, asifundishe somo lo lote kwa lugha isiyo Kiingereza. Tena lugha nyingine isifundishwe kama somo mpaka mtoto awe amemaliza darasa la nane. Adhabu yake ilikuwa faini tangu dola 25 hata dola 100, au kifungo kisichozidi siku 30. Mahakama ya jimbo ilieleza ya kuwa Kilatini, Kiyunani na Kiebrania hazikukatazwa. Bali Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kiitalia, na kila lugha ngeni isemwayo na watu walio hai, zilikatazwa.

Walutheri wa Sinodi ya Missouri waliishtaki sheria hiyo katika mahakama ya Nebraska. Mahakama haikuifuta, ila ilisema ya kuwa haikatazi mafundisho yatolewayo nje ya saa za shule. Mlango ulikuwa mwembamba, na usharika mmoja ulijaribu kuupitia.

3. Mwalimu Meyer ashtakiwa

Robert Meyer alikuwa mwalimu wa shule ya usharika wa Zion huko Hampton. Wazee wa usharika waliyaongeza mapumziko ya adhuhuri, ili kati ya saa 7 na saa 7 na nusu watoto wasome dini kwa Kijerumani. Walitumaini ya kuwa wakati huo hauhesabiwi kuwa saa za shule.

Tarehe 25 Mei 1920, katika nusu saa hiyo, mwendesha mashtaka wa wilaya alifika shuleni. Mtoto wa miaka 10 alikuwa akisoma kwa Kijerumani katika kitabu cha hadithi za Biblia. Baadaye Meyer alimweleza wakili wake ya kuwa alimwona mgeni yule mlangoni, naye alijua vema ya kwamba akigeuza na kusema Kiingereza hatapatwa na neno. Hakugeuza. Aliendelea na somo kwa Kijerumani, akashtakiwa.

Mahakama ya wilaya ilimtoza faini ya dola 25, ndiyo adhabu ndogo kupita zote za sheria ile. Angaliweza kulipa na kunyamaza. Lakini kama angalilipa, shule zote za namna ile zingalifungwa mdomo, na wazazi wangalikubali ya kuwa jimbo ndilo lichagualo lugha ambayo mtoto atajifunza kwayo habari za Mungu. Kwa hiyo kesi ilikatiwa rufani. Mwaka 1922 majaji wa Mahakama Kuu ya Nebraska wakagawanyika, wanne wakaikubali hukumu, wawili wakaikataa. Wale wanne walisema ya kuwa jimbo lina haki ya kuzuia watoto wa wageni wasikue katika lugha na fikira za nchi nyingine.

4. Hukumu ya Washington

Rufani ikapelekwa Washington. Mwenye kusema kwa ajili ya Meyer alikuwa wakili Arthur Mullen wa Nebraska, naye alikuwa Mkatoliki. Tarehe 4 Juni 1923 hukumu ilitolewa: majaji saba kati ya tisa walimpa Meyer haki. Aliyeiandika ni Jaji James McReynolds.

Mahakama iliuliza kwanza, uhuru utajwao katika Nyongeza ya 14 ni nini? Ikajibu ya kuwa si kutofungwa gerezani tu. Ndani yake imo haki ya mtu kufanya kazi halali, kujipatia maarifa, kuoa, kuwa na nyumba, kulea watoto, na kumwabudu Mungu kama dhamiri yake imwongozavyo. Basi mwalimu ana haki ya kufundisha, na mzazi ana haki ya kumwajiri amfundishie mtoto wake. Kujua Kijerumani hakujaonekana kuwa jambo la madhara.

Mahakama haikusema ya kuwa jimbo halina mamlaka juu ya shule. Ilikubali ya kuwa jimbo laweza kuwashurutisha watoto waende shule, kuweka kanuni zenye busara, na kuagiza Kiingereza kifundishwe. Ilikubali pia ya kuwa kutaka watu wote wa nchi waelewane kwa lugha moja ni kusudi jema. Lakini kusudi jema halihalalishi njia iliyokatazwa na katiba. McReynolds alikumbusha habari za Sparta ya zamani, ambako watoto wa kiume walipofika miaka saba walikusanywa na dola ili walelewe nayo. Akasema ya kuwa fikira hizo ziko mbali sana na zile zilizo msingi wa katiba ya Marekani.

Majaji wawili, Oliver Wendell Holmes na George Sutherland, hawakukubali, na yafaa tuwasikie. Holmes aliona ya kuwa mtoto asikiaye lugha ngeni tu nyumbani, si vibaya shule imzoeze Kiingereza tangu udogo. Na kwa kuwa watu wenye busara waweza kuhitilafiana katika jambo hili, mahakama isilizuie jimbo kulijaribu. Neno lake halikuwa la chuki. Shida ni kwamba sheria ile haikumwongezea mtoto Kiingereza tu, bali ilimnyang'anya mwalimu na mzazi lugha nyingine.

Siku ile ile walimu wengine wa shule za Kilutheri waliohukumiwa katika majimbo ya Iowa na Ohio nao walipata haki.

5. Haki ya mmoja yawafaa wengi

Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kuwashurutisha watoto wa miaka 8 hata 16 wasome katika shule za serikali tu. Masista wa Kikatoliki waliokuwa na shule wakaenda mahakamani, na pamoja nao shule moja ya kijeshi ya watu binafsi. Tarehe 1 Juni 1925 majaji wote tisa wakaikataa sheria ile, wakitegemea hukumu ya Meyer. Hivyo Mkatoliki alimtetea Mlutheri, na kesi ya Mlutheri ikawalinda Wakatoliki.

Lakini mahakama nayo ni ya wanadamu. Mwaka 1940, katika kesi iliyotoka Pennsylvania, majaji wanane kati ya tisa walikubali watoto wa Mashahidi wa Yehova wafukuzwe shuleni kwa kuwa walikataa kuisalimu bendera. Baada ya hukumu hiyo makundi ya watu waliwapiga Mashahidi mahali pengi. Tarehe 14 Juni 1943, katika kesi ya West Virginia, mahakama ile ile iliigeuza hukumu yake, majaji sita juu ya watatu. Jaji Robert Jackson aliandika ya kuwa haki za namna hii hazipigiwi kura, wala hakuna afisa awezaye kumwamuru mtu aungame asichokiamini. Neno hilo lilisemwa vita ya pili ikiwa bado yapiganwa.

6. Yatupasayo kushika

Kwanza, kumtii mwenye mamlaka na kutafuta haki mbele yake havipingani. Mtume Paulo, aliyewaandikia Warumi juu ya utii katika sura ya 13, ndiye aliyetaka rufani kwa Kaisari katika Matendo 25. Meyer hakupiga mtu wala hakukimbia. Alisimama mbele ya hakimu, akakata rufani, akangoja miaka mitatu.

Pili, tujihadhari na sheria zizaliwazo na hofu. Waliotunga sheria ya Nebraska walidhani wanailinda nchi yao. Aliyeshikwa nayo alikuwa mwalimu mmoja na kitabu cha watoto.

Tatu, tusiitake haki kwa ajili yetu peke yetu. Mahakama haikumpa Meyer ushindi kwa kuwa ni Mlutheri, bali kwa kuwa ni mtu. Kwa hiyo jirani wa dini nyingine anapoonewa, Mkristo asiseme, "Hayo si yangu."

Maswali ya kuzungumza katika usharika:

1. Nyongeza ya 14 iliwekwa kwa ajili ya nani hapo kwanza, nayo ilimfaaje Meyer?
2. Ni mambo gani ambayo mahakama ilisema jimbo laweza kuyaagiza shuleni?
3. Neno la Jaji Holmes lina nguvu gani, na upungufu gani?
4. Kwa nini Meyer hakulipa dola 25 na kunyamaza? Mngalimshauri nini kama mngalikuwa wazee wa usharika wake?