Dalili na Chanzo: Somo la Jointi za Ekseli ya Mbele

Madhumuni: Wanafunzi watambue kuwa dalili ya hitilafu siyo chanzo chake.

Vifaa: Vijiti viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha bomba laini la mpira.

Maelezo kwa mwalimu: Katika gari ambalo kila gurudumu la mbele lina springi yake pekee, kuliinua gari ili lipite njia mbovu huzidisha mshazari wa shafti zinazozungusha magurudumu hayo. Jointi hupinda kupita kiasi. Mpira unaozifunika huchanika, grisi humwagika na mchanga huingia. Gari likikata kona kali polepole huku likilia ta-ta-ta, mara nyingi jointi ya nje imelika.

Hatua:
1. Wanafunzi wazungushe vijiti vikiwa vimenyooka, kisha vikiwa vimepindwa, waeleze tofauti.
2. Waulizwe: Fundi akiweka jointi mpya na kuuacha mshazari ule ule, kutatokea nini? Mwalimu asiwajibie.

Hitimisho: Mwalimu atiaye alama ya kosa katika hesabu bila kuchunguza mtoto alipotelea wapi, hana tofauti na fundi huyo. Kosa litarudi.