Lenzi ya Kupigia Picha Penye Mwanga Hafifu

Mpiga picha atakaye kuhifadhi sura ya mzee ndani ya nyumba kijijini Natta, wilayani Serengeti, mwanga ukiingia mlangoni tu, yampasa achague lenzi kwa hesabu.

Uwezo wa lenzi kupitisha mwanga huonyeshwa na namba f, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 12.5 ni f/4. Tundu likiwa milimita 25 ni f/2. Kipenyo kikiongezeka mara 2, eneo la tundu huongezeka mara 4, na mwanga vivyo hivyo. Picha iliyohitaji 1/15 ya sekunde sasa huhitaji 1/60; mzee akitikisika kidogo, sura yake haivurugiki.

Hata hivyo, tundu likipanuka, kina cha sehemu inayoonekana dhahiri hupungua: macho yaweza kuwa dhahiri na masikio yakafifia. Kwa hiyo lenzi ilengwe machoni. Lenzi ya milimita 85 humruhusu mpigaji asimame mbali, pua isionekane kubwa kupita kiasi. Lakini chumba kikiwa kidogo, ya milimita 50 hufaa zaidi.

Zoezi: Kwa mwanga uleule, f/2.8 itahitaji muda gani?