SOMO LA WAFANYAKAZI: LIKIZO NA WATOTO, BAHARINI NA MASHAMBANI



Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu hulicheka likitajwa mkutanoni: mfanyakazi kuchukua familia yake na watoto wadogo, wakaenda kupumzika baharini au mashambani, huku mshahara ukiendelea. Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Wazungu na matajiri." Basi tuanze huko huko kwa Wazungu, tuone mfanyakazi wao aliyapataje.

Kwanza tueleze kwa nini tumechagua somo hili. Katika kuzungukia matawi tulikutana na ndugu mmoja wa kiwanda cha sukari. Kwa miaka sita mfululizo aliuza likizo yake. Fedha hakuzichezea: alilipa karo, akanunua mabati, akamaliza deni la dukani. Siku alipokwenda nyumbani kwa ajili ya msiba, mtoto wake mdogo alijificha nyuma ya bibi yake akauliza, "Huyu mgeni atalala hapa?" Ndugu huyo alitusimulia akicheka, kisha akanyamaza.

1. Siku zilikuwapo, mshahara haukuwapo

Katika karne ya 19, jimbo la Lancashire huko Uingereza lilijaa viwanda vya kusokota na kufuma pamba. Kila mji ulikuwa na juma lake la mapumziko wakati wa kiangazi, lililoitwa Wakes. Juma hilo viwanda vya mji vilifungwa, na matajiri walipata nafasi ya kusafisha na kutengeneza mitambo. Wafanyakazi walipanda treni na familia zao kwenda pwani, hasa mji wa Blackpool, ambako reli ilifika mwaka 1846. Mji mmoja ukirudi, mwingine unakwenda.

Tusidhani walistarehe kama mabwana. Familia nzima ililala chumba kimoja, watoto kadhaa kitanda kimoja. Wengi walinunua chakula chao wenyewe, na mama mwenye nyumba akawapikia. Walilipia kitanda, na mara nyingine hata chumvi ya mezani. Lakini watoto walichimba mchanga, walipanda punda ufukweni, na waliwaona wazazi wao mchana, maana huko wanawake wengi nao walikuwa wafanyakazi wa viwandani.

Mshahara wa juma hilo haukuwapo. Kiwanda kimefungwa, hakuna malipo. Kwa hiyo wafanyakazi waliunda vikundi vya akiba. Kila juma mtu alitoa senti chache, mwaka mzima, mpaka siku ya safari. Maana yake ni kwamba mfanyakazi alijilipia likizo yake mwenyewe.

2. Mapumziko yaliyokuwa kibarua

Ndugu wa mashamba ya chai na kahawa watalielewa jambo hili upesi. Familia nyingi maskini za mashariki ya London hazikuwa na uwezo wa kwenda kukaa pwani. Kila mwaka, karibu na mwezi wa Septemba, akina mama walifunga masufuria na mablanketi, wakaenda na watoto mashambani Kent kuchuma hops, zao linalotumika kutengenezea bia. Walilala katika vibanda, walipikia nje kwa kuni, na walilipwa kwa kipimo cha walichochuma. Mpimaji alipita na kikapu chake, na ugomvi juu ya kipimo haukukosekana. Akina baba wengi walibaki mjini kazini, wakawafuata mwisho wa juma.

Wengi waliolelewa hivyo waliyakumbuka majuma hayo kwa furaha: hewa safi, miti, moto wa jioni. Waliita hiyo likizo. Sisi tunauliza: ni likizo gani ambayo mama anachuma kutwa? Watoto walipata hewa safi, lakini mama alibadilisha kazi tu.

3. Mgomo wa 1936

Mwezi wa Mei na Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, karibu milioni 2, na wengi wao walikaa ndani ya viwanda wasitoke. Serikali mpya ya Léon Blum iliwakutanisha waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mwezi huo huo wa Juni ikapita sheria: mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja kazini apate likizo ya siku 15 yenye malipo.

Lakini likizo bila nauli ni kukaa mlangoni ukitazama barabara. Léo Lagrange, aliyesimamia michezo na mapumziko katika serikali hiyo, alileta tiketi ya treni iliyopunguzwa bei kwa asilimia 40 kwa mfanyakazi na familia yake. Kiangazi hicho watu wengi waliiona bahari kwa mara ya kwanza maishani.

Juni hiyo hiyo, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 52, uliotaka likizo yenye malipo ya siku 6 za kazi kwa mwaka, zisipungue hapo. Uingereza ilipata sheria yake ya likizo yenye malipo mwaka 1938. Mwaka uliofuata, wachimba makaa ya mawe wa Derbyshire, kwa njia ya chama chao, walikuwa na kambi yao ya mapumziko katika pwani ya Skegness.

4. Hata mashamba yalikuwa na kufuli

Wako walioziona siku zao za mapumziko lakini wakakosa pa kukanyaga. Milima mingi ya Uingereza ilifungwa na wenye ardhi kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima Kinder Scout bila ruhusa. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ikapita sheria ya hifadhi za taifa na njia za kupita mashambani, na mwaka 1951 eneo lenye mlima huo, Peak District, likawa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo. Leo familia yoyote hupita pale na watoto.

Tunaona basi kwamba likizo ni kama kitanda, ina miguu minne: siku, mshahara, nauli na mahali. Hakuna mguu uliokuja wenyewe. Na mmoja ukikosekana, hakilaliki.

5. Sisi tumefika wapi?

Mkataba namba 132 wa mwaka 1970 wa Shirika la Kazi Duniani unataka majuma 3 ya kazi kwa mwaka, yasipungue hapo. Tena unasema kwamba mapatano ya kuiacha likizo hiyo ya chini, hata kwa kulipwa fedha, yawe batili au yakatazwe. Kenya, kwa sheria ya 2007, mfanyakazi ana siku 21 za kazi baada ya kila miezi 12. Uganda, kwa sheria ya 2006, ni siku 7 kwa kila miezi minne mfululizo, yaani 21 kwa mwaka. Tanzania, kwa sheria ya 2004, ni siku 28 mfululizo. Zote ni kwa malipo kamili.

Miguu miwili tunayo katika karatasi. Miwili iliyobaki ni kazi yetu:

(a) Kila mwanachama ajue siku zake zimebaki ngapi, aziombe kwa maandishi, na abaki na nakala.

(b) Tawi liunde kikundi cha akiba kama cha Lancashire, ila kiwe cha nauli, si cha kufidia mshahara.

(c) Katika mkataba wa pamoja tudai posho ya safari, na zamu za likizo zipangwe ili wenye watoto wapate nafasi shule zikifungwa.

Pa kwenda si lazima pawe mbali. Wengine watakwenda Mombasa, wengine ufukweni mwa ziwa, wengine kijijini kwa bibi. Kijijini ni pazuri, lakini usilime siku zote 21. Ukifanya hivyo, umekwenda Kent.

Ndugu yule wa kiwanda cha sukari mwaka huu hakuuza. Amejaza fomu, ameomba siku zake zote ziwe Desemba, shule zikifungwa. Ameambiwa asubiri. Tawi linafuatilia, na amekwisha anza kuweka nauli.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika tawi lenu, ni wangapi waliouza likizo mwaka jana? Kwa shida gani?
2. Kati ya miguu minne, ni upi unaokosekana kwenu zaidi?
3. Vibarua wenzetu wanapata likizo? Tawi limefanya nini juu yao?