Kwa Nini Mbu Aenezaye Malaria Haenezi Virusi Vya UKIMWI

Mkazi wa Utete hahitaji kufundishwa adha ya mbu. Katika bonde la mto Rufiji, msimu wa mpunga huwapeleka wakulima mashambani, ambako hulala katika madungu wakilinda mazao dhidi ya ndege na wanyama waharibifu. Huko mbu huuma usiku kucha. Kwa hiyo swali linaloulizwa mara kwa mara katika vituo vya afya ni la haki: ikiwa mbu hunyonya damu ya mtu mmoja kisha akamuuma mwingine, na ikiwa Virusi Vya UKIMWI (VVU) vimo ndani ya damu, kwa nini visienezwe kama malaria?

Jibu ni kwamba mbu haambukizi VVU. Sababu zake zinaeleweka vyema iwapo magonjwa haya mawili yatalinganishwa.

Jinsi malaria inavyoenea

Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapomuuma mgonjwa, hufyonza vimelea vya malaria pamoja na damu. Vimelea hivyo havifi tumboni mwa mbu. Hukua, hujipenya katika ukuta wa tumbo, huzaliana, na baada ya siku 10 hivi au zaidi huwa vimefika katika tezi za mate. Mbu huyo anapomuuma mtu mwingine, humwingizia mate yenye vimelea. Minyoo ya matende na mabusha, maradhi yanayojulikana sana katika mwambao wa Tanzania, nayo hukua kwanza ndani ya mwili wa mbu. Kwa magonjwa haya, mbu ni nyumba ya ukuaji wa kimelea.

Yanayovipata VVU ndani ya mbu

VVU haviwezi kuishi hivyo. Ili vizaliane, vinahitaji chembe hai za kinga za binadamu, hasa zile ziitwazo CD4. Mbu hana chembe hizo. Damu aliyoinyonya humeng'enywa tumboni mwake, na virusi vilivyomo huharibiwa pamoja nayo. Haviongezeki, wala havifiki katika tezi za mate.

Wapo wanaodhani kwamba mbu hufanya kazi kama bomba la sindano. Mdomo wa mbu, hata hivyo, una njia mbili tofauti: moja hupitisha mate kuingia katika ngozi, nyingine hufyonza damu. Mbu hatemi damu ya mtu wa kwanza ndani ya mtu wa pili. Hata akifukuzwa kabla ya kushiba na kumrukia mwingine, damu inayosalia kwenye mdomo wake ni kidogo mno kuweza kuambukiza.

Ushahidi kutoka katika jamii

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tangu wakati huo, sura ya maambukizi imekuwa wazi. Kama mbu angekuwa anaeneza VVU, watoto wa umri wa kwenda shule, ambao huumwa na mbu kama wazazi wao, wangeambukizwa kwa kiwango kinachokaribiana na cha watu wazima. Haiko hivyo. Maambukizi hujikita kwa watu walio katika umri wa kujamiiana na kwa watoto waliozaliwa na mama wenye VVU. Katikati ya miaka ya 1980 hofu ya namna hii ilizuka katika mji wa Belle Glade, Florida, nchini Marekani, wenye mbu wengi. Uchunguzi wa kitaalamu haukupata ushahidi wa kumhusisha mbu. Maambukizi yalielezwa na kujamiiana na kuchangia sindano.

Madhara ya imani potofu

Anayemtupia mbu lawama huacha njia halisi bila ulinzi: kujamiiana bila kinga, kuchangia sindano na vifaa vyenye ncha kali, damu isiyopimwa, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Mwenzi anaweza kuacha kupima kwa kuamini kwamba ugonjwa umetoka porini. Pia imani hii huzaa unyanyapaa: familia humtenga mgonjwa, ikiogopa kulala naye chini ya chandarua kimoja. Hofu hiyo haina msingi. Kulala chumba kimoja, kula pamoja na kushikana mikono hakuambukizi VVU.

Mambo ya kuzingatia kituoni

Malaria na VVU hukutana katika mwili wa mgonjwa, si ndani ya mbu. Mwenye VVU, hasa mjamzito, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuugua malaria kali. Kwa upande wake, malaria huweza kuongeza kwa muda wingi wa virusi katika damu. Hivyo chandarua chenye dawa ni sehemu ya matunzo yake. Mjamzito anayetumia kotrimoksazoli asipewe SP juu yake, kwa kuwa dawa hizo mbili zikichanganywa huongeza madhara.

Homa ikithibitishwa kuwa si malaria, chanzo chake kitafutwe. Homa ya siku za mwanzo za maambukizi ya VVU hufanana na malaria. Aliyejamiiana bila kinga na mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, au aliyechomwa na sindano iliyotumika, afike kituoni mara moja: dawa za kuzuia maambukizi huanzishwa ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28. Naye anayetumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo, hadi virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Chandarua kitundikwe dunguni kama nyumbani, kwa ajili ya malaria na matende. Dhidi ya VVU, kinga ni kupima, kutumia kondomu na kunywa dawa bila kukatisha.