Kichaa cha Mbwa na Hesabu ya Kinga: Somo kwa Shule za Uwanda wa Dodoma

Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu. Katika nchi ya Wagogo, kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa uwanda wa kati, mbwa hulinda zizi dhidi ya fisi usiku, na mchana hufuatana na wachungaji malishoni. Mnyama huyu aishiye karibu nasi kiasi hicho hawezi kuugua peke yake. Maradhi yake hutufikia, na uzembe wetu humfikia yeye. Katika makala haya tutachunguza ugonjwa mmoja unaotuunganisha na mbwa, yaani kichaa cha mbwa. Kisha tutaona jinsi hesabu ya darasani inavyoweza kuonyesha njia ya kuuzuia.

Somo hili lina uzito wa pekee kwa Mtumba. Kata hii iliyoko mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro, ilikuwa kwa miaka mingi makazi ya wakulima na wafugaji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini ni mwaka 2019 ndipo Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapo Mtumba. Mahali panapojengwa kwa haraka hupata wakazi wapya, walinzi wapya, vibanda vya chakula na majalala, na kila kimojawapo huvuta mbwa. Mbwa wa mfugaji na mbwa wa mlinzi wa jengo jipya hukutana jalalani, na mwanafunzi hupita hapo akienda shule.

Ugonjwa na njia yake

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akiuma, au mate yake yakiingia katika jeraha, virusi hupenya nyamani na kuifikia mishipa ya fahamu. Kutoka hapo husafiri taratibu kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Safari hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini dalili hukawia. Kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, lakini zaweza kuonekana baada ya wiki moja au hata mwaka. Jeraha la kichwani au shingoni ni la hatari zaidi, kwa kuwa njia ya kufika ubongoni ni fupi. Mtoto, kwa sababu ya ufupi wake, huumwa sehemu hizo mara nyingi kuliko mtu mzima.

Virusi vikishafika ubongoni, mgonjwa huwa na homa, hufadhaika, hushindwa kumeza, na koromeo hukaza kwa maumivu hata aonapo maji. Baada ya dalili hizo kuanza, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika, na kwamba hadi 99 kati ya kila wagonjwa 100 waliambukizwa na mbwa.

Lakini ule ukawiaji wa dalili ndio unaotupa nafasi ya kuokoa maisha. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo ilitokana na uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa, uliokaushwa ili virusi vidhoofike. Mtoto alipona, kwa kuwa kinga ya mwili iliamshwa kabla ya virusi kuufikia ubongo. Chanjo za leo hutengenezwa kwa njia safi na salama zaidi, lakini kanuni ni ile ile.

Ukiumwa na mbwa

Hatua za kwanza hazihitaji daktari, na kila mwanafunzi hana budi kuzijua kwa moyo.

Kwanza, oshwa jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili. Sabuni huharibu utando wa nje wa virusi, na maji huviondoa. Pale maji yanapokuwa ya shida, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Dodoma wakati wa kiangazi, maji ya kuoshea jeraha yatangulizwe kuliko matumizi mengine yote. Majivu, pilipili, mafuta na jiwe jeusi visitumike, kwani haviui virusi na huchelewesha tiba.

Pili, nenda hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Huko utapewa chanjo kwa siku zilizopangwa, na kwa majeraha mabaya huongezwa kingamwili zilizo tayari. Chanjo hii ni ghali na si kila zahanati iliyo nayo. Basi ulizeni mapema, kabla ya kuumwa mtu, ni kituo gani cha karibu chenye dawa. Tena aliyeanza chanjo asiache katikati kwa sababu jeraha limekauka.

Tatu, toa taarifa kwa afisa mifugo. Kama mbwa anaweza kufungiwa bila hatari, asiuawe kwa pupa, bali aangaliwe kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi katika mate siku ya kuuma huugua na kufa katika muda huo. Akibaki mzima, hakuambukiza. Hata hivyo, aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aende hospitali.

Hesabu ya kinga

Sasa tuingie katika kiini cha somo. Katika maradhi ya kuambukiza wataalamu huuliza hivi: mgonjwa mmoja huambukiza wangapi kwa wastani, pale ambapo hakuna mwenye kinga? Kwa surua jibu huwa kati ya 12 na 18. Kwa kichaa cha mbwa, utafiti uliofanywa katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba ni zaidi kidogo tu ya mbwa mmoja. Tuseme ni 1.2, yaani wagonjwa 10 huambukiza 12.

Ugonjwa hufifia pale kila mgonjwa anapoambukiza chini ya mmoja. Kama mbwa mmoja kati ya kila 6 ana kinga, wale 12 ambao wangeambukizwa hupungua na kuwa 10. Kinga ikizidi hapo, idadi hushuka kila mzunguko mpaka ugonjwa uzimike. Kwa nini basi Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100?

Sababu ya kwanza ni kwamba maisha ya mbwa wa kijijini ni mafupi. Tuchukue mfano wa kijiji chenye mbwa 100, ambako kila mwaka 40 hufa na nafasi zao hujazwa na vijibwa visivyochanjwa. Tukichanja 70 leo, baada ya mwaka watabaki 42 wenye kinga, na baada ya miaka miwili 25 tu. Kwa kuwa mlipuko mmoja huweza kuwa mkali kuliko mwingine, kiwango cha usalama huhesabiwa kuwa kati ya 20 na 45 kwa 100. Kwa hiyo kampeni moja haitoshi. Hapana budi irudiwe kila mwaka.

Sababu ya pili ni kwamba wastani waweza kudanganya. Vijiji vitatu vyenye mbwa 100 kila kimoja vikichanja 95, 95 na 20, wastani ni 70, na taarifa itapendeza. Lakini kile kijiji cha tatu kitakuwa kama nyasi kavu karibu na moto, na cheche zake zitawafikia majirani.

Hesabu hii yaonyesha pia kwa nini kuwaua mbwa ovyo hakuleti suluhisho. Waliouawa huacha chakula na nafasi, ambavyo huchukuliwa na wengine wasio na kinga. Mbwa waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na wenye mbwa huwaficha au kuwahamishia kwingine, pengine pamoja na ugonjwa wenyewe.

Mafunzo kutoka Serengeti na Pemba

Kisiwa cha Pemba kimetupa ushahidi mzuri. Kati ya mwaka 2010 na 2015, kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba kuliendeshwa mradi wa kuchanja mbwa chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani. Ilipofika mwaka 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka Pemba. Mwaka 2016 kiliingia tena kutoka nje ya kisiwa; chanjo ikarejewa kwa bidii, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili. Ushindi ulipatikana, ukapotea, ukapatikana tena. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kiliweza kuingiliwa, Mtumba iliyo kando ya barabara kuu haina budi kuwa macho zaidi.

Serengeti nako kumetupa jibu la swali la baridi. Ilidhaniwa kwamba chanjo ya mbwa haiwezi kukaa nje ya jokofu, jambo ambalo ni shida kwa vijiji visivyo na umeme. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo iliyotumika huko huhifadhi nguvu yake kwa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na kwa miezi 3 katika nyuzi 37. Baadaye watafiti walijaribu kuihifadhi katika vyombo vinavyopozwa kwa mvuke wa maji. Kanuni yake yajulikana na kila mama mwenye mtungi wa udongo: maji yanapovukizwa kupitia udongo huchukua joto, na kilichomo hubaki baridi. Katika hewa kavu ya Dodoma mvuke huondoka upesi, na kwa hiyo mtungi hupoza vyema zaidi kuliko pwani.

Kazi ya vituo vya wanyama

Viko nchini vituo vichache vya kuwahifadhi wanyama waliotupwa au kujeruhiwa. Mkoani Arusha, kwa mfano, liko shirika liitwalo Mbwa wa Africa, ambalo huokoa mbwa na kuwahasi. Kazi ya namna hii yapatana na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Lakini hakuna kituo kitakachoweza kuwapokea mbwa wote wa mkoa. Kazi kubwa ya kituo imo nje ya uzio wake: kuchanja vijijini, kuhasi ili vijibwa visizaliwe vikakosa mwenyewe, na kuwafundisha watu. Pale ambapo hakuna kituo, kazi hiyo yaweza kuanzishwa na shule ikishirikiana na afisa mifugo wa kata.

Msimu unaofaa ni kiangazi, baada ya mavuno, wakati njia zinapitika. Mahali pa kuchanjia pawe karibu, kwa kuwa mwendo mrefu huwakatisha tamaa wenye mbwa. Watoto wahusishwe, kwani mara nyingi wao ndio wawezao kumshika mbwa wa nyumbani bila kuumwa.

Kuishi na mbwa kwa usalama

Mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha asisumbuliwe. Mbwa mgeni akikujia, usikimbie wala kupiga kelele. Simama wima, mikono ikiwa imetulia, usimkodolee macho, kisha ondoka polepole. Mbwa anayetokwa na mate mengi, anayeyumbayumba, aliyebadilika sauti au anayeuma vitu ovyo aepukwe na kutolewa taarifa. Jihadharini pia na mbwa mkali aliyekuwa mpole ghafla, na mnyama wa mwituni asiyeogopa watu.

Mwenye mbwa naye ana wajibu. Mbwa hatoi jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Kumfunga juani bila maji katika kiangazi cha Dodoma ni kumtesa, na huweza kumwua. Sumu ya panya na dawa ya kuogeshea mifugo ziwekwe mbali naye. Kadhalika, mnyama akichinjwa, mbwa asipewe ini wala mapafu mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji, kwani humo hukaa mabuu ya tegu. Tegu akikomaa tumboni mwa mbwa, mayai yake hutoka na kinyesi, na mtu akiyameza huota uvimbe kama huo katika ini lake mwenyewe. Kunawa mikono baada ya kumshika mbwa ni kinga rahisi.

Mataifa yamejiwekea shabaha ya kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Shabaha hiyo itafikiwa kijiji kwa kijiji, au haitafikiwa kabisa.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Hesabuni mbwa katika kaya 30 za kijiji chenu. Ni wangapi waliochanjwa katika miezi 12 iliyopita? Toeni jibu kwa asilimia.

2. Kijiji kina mbwa 200, na 140 wamechanjwa. Kila mwaka 30 kati ya kila 100 hufa na kufuatwa na vijibwa visivyochanjwa. Baada ya miaka mingapi kiwango cha kinga kitashuka chini ya 45 kwa 100?

3. Chukueni mitungi miwili ya udongo, mmoja uloweshwe kwa nje na mwingine ubaki mkavu. Pimeni joto la ndani kila saa tangu asubuhi hadi alasiri, kisha elezeni tofauti.

4. Jadilini: Je, ni haki kumtoza mwenye mbwa gharama za chanjo, ikiwa kinga ya mbwa wake humlinda pia jirani asiyefuga?