Kondo la Nyuma: Je, Mama Mzazi Alile?

SOMO LA WAMAMA NA WABABA WA NYUMBA

Mafungu ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 28:53-57, Mambo ya Walawi 17:10-14, Matendo ya Mitume 15:28-29, 1 Wathesalonike 5:19-21.

Somo la leo si la kuchekwa, wala si la wamama peke yao. Wababa nao wakae, wasikilize mpaka mwisho.

1. Swali lililoletwa mbele yetu

Dada mmoja wa kusanyiko letu alijifungua mtoto wake wa nne. Damu ilimtoka nyingi, akabaki bila nguvu. Rafiki yake alimwambia: Usiache kondo la nyuma litupwe. Likaushe, ulisage, utie unga wake katika uji, damu yako itarudi. Hata wamama wa Ulaya na Marekani wanafanya hivyo, tumeona katika simu. Mama mkwe wake aliposikia alikasirika sana, akasema hiyo ni njia ya wachawi. Kisha mtu wa tatu akasema kwamba ameonyeshwa katika ndoto kuwa ni lazima alile, la sivyo mtoto hataishi.

Dada huyo alikuja kwetu sisi wazee akilia. Sisi tulikawia kumjibu, kwa sababu tuliona haya kusema habari za uzazi. Tunakiri kosa hilo mbele ya kanisa. Mtu anayeuliza kwa machozi asiambiwe arudi kesho.

2. Wazee wetu walifanya nini?

Wazee wetu hawakulila. Walilizika. Huko Uganda, Baganda walilihesabu kuwa pacha wa mtoto, wakalizika penye shina la mgomba. Wakikuyu wa Kenya walilizika katika shamba lisilolimwa. Nasi mpaka leo tunasema, kwetu ni pale kitovu kilipozikwa.

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Las Vegas, Sharon Young na Daniel Benyshek, walichungua maandishi juu ya jamii 179 za dunia. Hawakukuta hata moja ambayo mama kula kondo lake ni desturi yake iliyo wazi. Wachina walikuwa na dawa ya kondo lililokaushwa, wakampa mgonjwa yeyote. Lakini kitabu cha dawa cha serikali yao hakikuliweka tena katika chapa ya mwaka 2015. Na huko Marekani jambo hili lilianza katika miaka ya 1970. Basi anayesema ni hekima ya kale ya mababu amekosea. Na anayemwita dada yetu mchawi amekosea zaidi, maana dada hakutafuta uchawi, alitafuta nguvu.

Wengine husema: Mbona mbuzi na mbwa wanakula la kwao? Ni kweli, wanakula. Lakini mnyama si mwalimu wetu katika kila jambo.

3. Neno la Mungu linasema nini?

Kwanza, kondo limejaa damu. Katika Walawi 17 Mungu aliwakataza watu wake kula damu, kwa kuwa uhai wa mwili umo ndani yake. Mitume nao, katika Matendo 15, waliwaagiza waamini wa mataifa wajiepushe na damu. Fungu hilo lingetosha.

Lakini liko fungu moja linalotaja kondo lenyewe, nalo ni Kumbukumbu la Torati 28:56-57. Tulisome polepole. Musa anaeleza laana ya mji uliozungukwa na adui. Mwanamke mwororo, aliyezoea raha, anafikia hatua ya kula kondo lake la nyuma, hata na watoto wake. Angalieni mambo mawili. Anakula kwa sababu amekosa kila kitu. Tena anakula kwa siri, akimnyima bwana wake na watoto wake. Jambo la namna hiyo lilitokea kweli huko Samaria, tukisoma 2 Wafalme 6:24-29.

Basi laana ya mji ule haikuwa katika chakula tu. Ilikuwa pia katika njaa, na katika kila mtu kula peke yake. Tutairudia habari hii.

4. Waganga wa hospitali wameona nini?

Kondo ni kazi ya ajabu ya Muumba. Uzito wake ni karibu nusu kilo. Kwa miezi 9 linampitishia mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama, tena linazuia baadhi ya vitu vibaya visimfikie. Ni kama chujio. Na ninyi wamama mnajua: mtu akichuja mafuta, hali kilichobaki katika chujio.

Hapa kwetu neno hilo ni zito. Tunaishi kando ya migodi ya shaba na kobalti, na vumbi lake liko juu ya vyombo vyetu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wa Kasulo, hapa Kolwezi, na hasa watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu. Tena viini vya malaria hujificha katika kondo la mama mwenye ugonjwa huo.

Mwaka 2017 idara ya afya ya Marekani ilieleza habari ya mtoto mchanga wa jimbo la Oregon aliyeugua damu kwa viini vya hatari, akatibiwa, akaugua tena. Mama yake alikuwa akimeza vidonge vya kondo lake. Vidonge vilipopimwa, viini vile vile vilikutwa ndani. Kumbe kukausha hakuui kila kitu. Na mwaka huo huo, katika jaribio dogo la Las Vegas, wamama waliomeza kondo hawakuongezeka madini ya chuma katika damu kuliko wale waliomeza nyama ya kawaida bila kujua.

Lakini kondo lina faida moja kubwa baada ya kutoka: kutazamwa. Mkunga hulitandaza na kulichungua kama limetoka zima. Kipande kikibaki tumboni, damu huendelea kutoka na mama anaweza kufa. Kwa hiyo, likikawia zaidi ya nusu saa, au damu ikizidi, tusianze kubishana juu ya dawa za nyumbani. Tumchukue mama maternite mbio, huku tukiomba njiani.

5. Na ile ndoto?

Sisi ni kanisa la unabii. Hatuzimi Roho. Lakini Paulo aliyetukataza kuudharau unabii ndiye aliyetuagiza kuyapima yote. Ndoto inayomlazimisha mama kula damu, na kumtisha kwa kifo cha mtoto wake, haipatani na Walawi wala na Mitume. Roho wa Mungu hajipingi. Tangu sasa, mtu akiota juu ya mama mzazi, alete neno kwa wazee kwanza. Asilipeleke kitandani mwa mgonjwa.

6. Jibu letu

Tunafundisha hivi: Mama asile kondo la nyuma. Kama jamaa wanataka kulizika, wawaombe wakunga. Wavae kitu mikononi, wachimbe shimo refu mbali na kisima, mbwa wasilifukue. Likitupwa katika shimo la maternite pia si dhambi, wala hakuna mchawi mwenye amri juu ya mtoto aliyekabidhiwa kwa Bwana. Na mama ambaye amekwisha kulila, asitengwe wala asitajwe mbele za watu. Aombewe, aendelee na safari.

Lakini jibu letu halijaisha. Dada yetu alitaka kula kondo kwa sababu gani? Tulipoingia nyumbani mwake tulikuta mfuko wa unga mtupu. Bwana wake alikuwa mbali, katika machimbo. Wazee wa Musonoi wanakumbuka wakati wa posho ya kampuni. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, kazi ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines. Posho haikurudi. Mama mzazi akilala njaa katikati ya kanisa linaloimba, je, sisi si mji ule wa Kumbukumbu la Torati, kila mtu akila kwake kwa siri?

Kwa hiyo tumeamua: kila mama anayejifungua atapikiwa na kusanyiko kwa siku 40. Bukari, sombe yenye karanga, maharagi, lengalenga, ndakala, na yai likipatikana. Wamama watapangwa kwa zamu. Wababa wataleta unga na makaa. Na vidonge vya kuongeza damu akipewa maternite, avimeze.

Dada yule alipikiwa. Sasa anasimama, na mtoto ananyonya.

Maswali ya kujifunza

1. Mwanamke wa Kumbukumbu la Torati 28:57 alikula kwa siri. Siri hiyo inatufundisha nini?
2. Tutapimaje ndoto inayoleta hofu?
3. Ni nani katika kizazi chetu anakaribia kujifungua, na zamu yake imepangwa?

Bwana awalinde wamama wote wenye mimba, na awape wababa mioyo ya kutoa. Amina.