Watoto kwenye Shamba la Mvinyo: Dhima ni ya Nani?



Somo la toleo hili limetokana na swali ninaloulizwa kila mwaka na wenzetu wanaotoka hapa Bujumbura kwenda kusoma Afrika ya Kusini, hasa wale wenye ndoa na watoto wadogo. Wanasema: "Idara yetu imepanga siku ya familia kwenye shamba la mvinyo. Kuna bembea, kuna uwanja wa kuchezea, na watoto wamealikwa kwa majina. Sisi hatunywi. Je, twende?" Mimi nilisoma Stellenbosch miaka miwili nikiwa na mke wangu na watoto wawili, mkubwa akiwa na miaka mitano, na mwaliko kama huo niliupata. Kwa hiyo sizungumzi kwa kukisia.

Kwanza tufahamu mahali penyewe. Usifikirie kilabu cha pombe cha mtaani. Ni mizabibu iliyopandwa kwa mistari mpaka miguuni mwa milima, nyumba nyeupe za kale, mkahawa na bustani. Jumamosi hujaa familia. Ndani kuna ukumbi wa kuonja, ambako mgeni humiminiwa aina kadhaa za mvinyo kidogo kidogo, na karibu yake kuna ghala la mapipa ya mbao. Baadhi ya mashamba huwawekea watoto meza yao pia: juisi za zabibu za aina mbalimbali, waonje na kulinganisha ladha kama wanavyofanya baba na mama.

Basi hapo pana shamba, pana ghala, na pana meza, na fikihi haivihukumu kwa hukumu moja. Mzabibu ni neema. Surat an-Nahl, aya ya 67, inautaja pamoja na mtende. Juisi yake ni halali maadamu haijachacha. Katika Sahih Muslim, Ibn Abbas anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alirowekewa zabibu kavu, akanywa maji yake siku hiyo, ya pili na ya tatu, kisha yaliyobaki hayakuwa tena kinywaji chake. Ukisoma biolojia unaelewa sababu: chachu hula sukari na kutoa alkoholi, na kwenye joto haihitaji siku nyingi. Kumtembeza mtoto kati ya mizabibu, akachuma kishada na kukila, sioni tatizo.

Meza ni jambo jingine. At-Tirmidhi amepokea kutoka kwa Jabir kwamba anayemwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa khamri. Tazameni vizuri: katazo ni la kukaa. Halikuwekewa sharti la kunywa. Kwa hiyo maneno "sisi hatunywi", ambayo kila mmoja wetu huyatanguliza, hayajibu swali. Vilevile katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu huku, wajibu wa kuitikia mwaliko wa karamu huanguka pale penye munkari usioweza kuuondoa. Na mgeni hawezi kuondoa mvinyo kwenye shamba la mvinyo.

Sasa tuje kwa watoto. Nimewasikia ndugu wasomi wakisema: mtoto hajabaleghe, kalamu imeinuliwa kwake, mwache acheze. Hiyo ni nusu ya maneno. Dhambi haiandikwi kwa mtoto, lakini mlezi yeye ni mukallaf, na Surat at-Tahrim, aya ya 6, inamtaka ailinde nafsi yake na ahali zake. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha al-Hasan bin Ali alipokuwa mtoto mdogo. Alichukua tende ya sadaka akaitia kinywani. Babu yake (s.a.w.) hakusema kwamba huyu bado mdogo. Alimfanya aiteme, na akamwambia sababu: sisi hatuli sadaka. Tende yenyewe ni chakula kizuri. Kilichomkataza ni hukumu inayowahusu watu wa nyumba ile. Na lile la kumtajia mtoto sababu wazazi wengi huliacha, wakaishia kumvuta mkono tu.

Vipi kuhusu meza ya juisi? Hapa Imam al-Ghazali anatusaidia. Katika Ihya, kwenye kitabu cha kusikiliza nyimbo, anatoa mfano wa watu waliopamba baraza, wakaleta vyombo vya walevi, wakaweka na mtu wa kuwamiminia, lakini kinywaji chao ni siki na asali. Anasema ni haramu kwao, ingawa kinywaji ni halali, kwa sababu wanajifananisha na watu wa ufisadi. Aliandika zaidi ya miaka 900 iliyopita, na ukiitazama ile meza ya watoto utadhani aliiona. Mtoto hafundishwi juisi pale, maana juisi anaijua nyumbani. Anafundishwa namna ya kushika glasi, kuinusa na kuisifia.

Kuna jambo jingine ambalo vijitabu vya utalii havilisemi sana. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mwaka 1659, na kwa muda mrefu mizabibu ile ilihudumiwa na watumwa. Baadaye wafanyakazi wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, utaratibu ulioitwa "dop". Sheria iliupiga marufuku, lakini ulevi ulikwisha kuota mizizi. Leo Western Cape ina miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyopimwa duniani vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyokunywa mama zao wakati wa ujauzito. Al-Baqara, aya ya 219, inakiri kuna manufaa katika khamri na kwamba madhara yake ni makubwa zaidi. Watoto wa wageni wanapata bembea. Wa wavunaji wamepata hayo.

Mtu ataniuliza: mbona kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyehamishiwa uhamishoni na Waholanzi, liko langoni mwa shamba la mvinyo la Klein Constantia, na Waislamu wa Cape huenda kulizuru na watoto wao? Ndiyo, huenda. Wanafika kaburini, wanasoma dua, wanaondoka. Hilo linathibitisha kwamba ardhi haina kosa.

Mwaliko wangu niliujibu hivi. Nilimwendea profesa ana kwa ana, wiki mbili kabla, nikamweleza kwamba hatukai penye mvinyo, na kwamba tungependa kuwaona wenzetu na familia zao. Alishangaa kidogo, kisha akasema asubuhi kutakuwa na matembezi shambani kabla ya chakula. Tulifika saa tatu, watoto wakakimbia mpaka wakachoka, na saa tano na nusu, glasi zilipoanza kupangwa, tukaaga. Mkubwa alilia. Mama yake alichuchumaa akamwambia kwamba pale sasa watakunywa kitu ambacho Mwenyezi Mungu ametukataza, na sisi tutakula nyumbani. Wiki iliyofuata tuliwaalika wale wale kwa pilau, wakaja.

Tusidhani pia kwamba meza hii iko Cape tu. Katika sherehe za mahari za jirani na jamaa zetu hapa Burundi, impeke hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, urwarwa unapita, na watoto wetu wamekaa katikati na Fanta mkononi. Waandaaji wengi wanakubali kututengea sehemu tukiomba mapema; tukiomba siku yenyewe tunawatia aibu bure.

Wapo walioniuliza kuhusu vibarua vya kuvuna zabibu wakati wa likizo, kwa kuwa hadithi ya waliolaaniwa kwa ajili ya khamri inamtaja mkamuaji na mbebaji. Hilo lina mjadala wake baina ya Shafi na Abu Hanifa, nalo tutalisoma toleo lijalo, inshaallah.